Daftari la Petroli

Baba aliandika kila lita.
Daftari lilikaa kwenye droo ya Datsun 120Y,
kalamu imefungwa uzi:
tarehe, lita, kilomita, na mara chache neno moja pembeni.
*Foleni. Hakuna. Deni kwa Mdoe.*
Alilipenda gari lile kwa sababu halikuwa na njaa.
Kila tulipofika juu ya mteremko wa Mtoni alizima injini,
akaliacha liteleze na uzito wetu sisi watano,
madirisha wazi, hakuna anayepumua,
hadi daraja litupokee.
Tone lililobaki, alisema, ndiyo safari ya kesho.

Likanijia mimi, muuza vipuri wa Gerezani,
baada ya miaka tisa chini ya turubai kwa shangazi, Chang'ombe,
kuku wakitagia siti ya nyuma.

Fundi Shomvi alilizunguka mara mbili.
Akaligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayechagua tikiti maji.
"Bati la zamani hili. Unataka lipone, au unataka lizaliwe upya?"
Nikasema: nataka lipige kelele.

Basi tukalikata.
Grinda ilipogusa nguzo ya mlango
nilitazama pembeni, nikajifanya natafuta spana.
Paa likashuka inchi tatu.
Bampa nje. Boneti nje, isirudi.
Matao ya nyuma yakapanuliwa yapokee rimu pana kama sufuria za harusi.
Injini ya silinda nane ikaja kwa guta,
imelazwa juu ya tairi chakavu, imefunikwa gunia,
watu wakipisha njia kama inapita maiti.

Haikuingia.
Shomvi akapima, akakata, akapima tena, akatukana Kizaramo,
akachomelea chesisi mpya ya bomba la mraba,
akaomba difu ya Hiace,
akaomba wiki mbili,
akaomba wiki mbili.

Shangazi Tatu alikuja Ijumaa moja akakuta paa liko sakafuni.
Nikampa kigoda, hakuketi.
"Siwema. Marehemu hakatwi kichwa."
Mikono yangu ilikuwa na grisi hadi viwikoni, na jibu sikuwa nalo.
Akaokota kioo cha pembeni, kile cha kushoto,
akakifuta kwa ncha ya khanga,
akaondoka nacho.

Nisifiche: pesa iliisha mara tatu.
Ya kwanza ilikuwa shafti. Ya pili sitaki kuisema.
Ya tatu niliuza friji,
na mwezi mzima nikanywa maji ya mtungi,
nikiota eksozi.

Shomvi alipouliza rangi, nilivuta droo,
nikamwonyesha pembe ambayo jua halikuwahi kuifikia:
kijani cha pera bichi.
Hiyo hiyo, nikasema. Usiongeze kitu.

Jumapili, kabla ya adhana, silinda nane zikaamka.
Vikombe vikalia makabatini.
Tuntufye wa jirani akaziba masikio, anacheka, hana meno mawili ya mbele.
Nikaenda Mbagala nikarudi,
na sindano ya petroli ikashuka mbele ya macho yangu
kama mtu anayeteremka ngazi bila haraka.

Juu ya mteremko wa Mtoni
mkono wangu, sikuutuma, ukazima swichi.
Usukani ukawa mzito. Breki ikawa jiwe.
Hilo Baba hakulijua, kwamba gari lenye nguvu
likizimwa halikusikilizi.
Nikashika kwa mikono miwili, nikaacha kupumua,
upepo ukipita pale palipokuwa na boneti,
na daraja
likanipokea.

Nilifungua daftari. Kalamu ile ilikuwa imekauka,
nikatumia penseli ya Shomvi ya kuchorea bati.
Lita kumi na mbili. Kilomita thelathini.
Pembeni nikaandika: *Njaa.*

Kioo cha kushoto bado kiko kwa shangazi.
Sijakidai.