Kisulisuli

Dodoma tunaombea kijani.
Tangu Juni shingo zimepinda juu
tukiyahesabu mawingu kama wadeni wasiolipa.
Lakini Yuditha wa Handali alipokunjua kanga
akanionyesha kilichotoka kinywani mwa mwanawe,
kijani kibichi, kama mlenda wa asubuhi ile,
nilimwita muuguzi kabla sijamsalimia mama.

Siku tisa. Nyemo ana siku tisa duniani
na tayari ana maradhi ya majina matatu:
zahanati waliandika maambukizi,
jirani alisema chango, akachemsha mzizi,
wa bodaboda aliyewaleta alisema ni jicho la mtu.
Simcheki yeyote.
Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini,
nilimwandikia mtoto kama huyu dripu
nikaenda kula. Aliitwa Yaledi.
Sijasahau nilikula nini.

Chiwanga akapaka mafuta baridi,
akapitisha kipimo juu ya tumbo lisilozidi kiganja.
Kwenye kioo, mshipa ulikuwa ukiuzunguka mshipa mwenzake.
"Unaona?"
Naona. Ni kile kinachoinuka Oktoba, saa nane mchana,
nyuma ya madarasa, kikasomba karatasi,
mifuko, na kofia ya mwalimu wa zamu:
kisulisuli.
Ila hiki kimesomba utumbo wa mtu.

Nilimweleza mama kwa pindo la kanga yake.
Mtoto akiwa tumboni, utumbo wake hutoka nje kidogo,
hukaa kitovuni, hukua huko,
kisha hurudi nyumbani ukizunguka hadi ufike mahali pake.
Wa Nyemo ulifika nusu ya njia
ukalala pale ulipochokea.
Sasa umejisokota. Nikalisokota pindo. Nikalikaza.
Hakuuliza bei, wala kwa nini yeye.
Alilitazama lile pindo mkononi mwangu:
"Utalikunjua?"

Mkato haukuzidi njiti ya kiberiti.
Utumbo ukatoka na rangi ya zabibu zilizoiva,
rangi wanayoingoja wakulima wa Hombolo,
na humu ndani hakuna anayetaka kuiona.
Nikauzungusha kinyume cha saa.
Mara moja.
Mara ya pili.
Nusu.
Tukaufunika vitambaa vya uvuguvugu, tukangoja.
Dakika kumi za kutazama kitambaa cheupe.
Mashine ilipumua kwa niaba ya kila mtu.

Nilipofunua, pembeni palikuwa na wekundu hafifu,
kisha ukasambaa, kwa uvivu, kama habari njema kijijini
ambayo watu wanaogopa kuiamini.
Inchi mbili zilibaki na kiza.
Tuliziangalia tena. Zikakubali.

Nikakata kamba zilizoubana,
nikaupanga kwa ramani yake mwenyewe,
mwembamba kulia, mnene kushoto.
Kidole tumbo nikakiondoa, kisije siku moja kikauma
mahali ambapo hakuna daktari atakayekitafuta.

Siku ya nne, alfajiri,
Yuditha alinikimbilia koridoni pekupeku,
kichwa wazi, akipiga kelele wodi zote zisikie:
"Daktari! Kajamba! Nyemo kajamba!"
Mlinzi alishika tumbo kwa kicheko.
Bibi mmoja kitanda cha saba akapiga kigelegele.

Kuna maneno ya heshima ya kuandika kwenye faili.
Nayajua.
Niliandika, kwa mwandiko uliosomeka mara hii:
amejamba.