Mkono wa Nani

"Ishike tu," anasema Nasoro, duka la pili ukitoka Makoroboi,
"usihangaike nayo, itakuingia mkononi yenyewe."
Na kweli, ina kiuno, ina nyonga,
ina raba inayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe,
ina bonde la gumba kwa nyuma
na kwa mbele mabonde matatu ya vidole vitatu,
yamechongwa na mtu wa mbali asiyenijua
aliyepima mikono elfu
akaitolea mkono mmoja.

Sina mkono huo.
Cha kati na cha pete niliviacha kiwandani,
zamu ya usiku, mezani pa minofu,
enzi zile sangara wangali na urefu wa mtoto wa darasa la tatu.
Kisu hakikuuliza jina.
Barafu ikanywa ilichokunywa, mkanda ukaendelea kutembea.
Nililipwa. Si haba.
Nikasema, kama mkono umeshiba,
sasa nitakula kwa jicho.

Kwa hiyo kamera ya Nasoro inaniingia nusu.
Mabonde mawili yanabaki matupu
kama viti vya harusini
vya watu ambao kadi zao hazikufika.

Ile nyingine aliniuzia Lutonja wa Kirumba
siku aliyofunga studio, akakunja lile pazia
lenye ndege iliyochorwa na ngazi ya kupandia
watu wasiosafiri.
Sanduku. Sina neno jingine.
Pembe nane, ngozi nyeusi iliyobanduka,
ukiiweka mezani mtu anauliza ni redio
au mtego wa panya.
Haina kiuno. Haibembelezi.
Imenitoboa mifuko miwili ya koti
na mfupa wangu wa nyonga inaufahamu vizuri.
"Hii," alisema Lutonja, akihesabu noti mara ya tatu,
"haikutengenezewa mkono.
Ilitengenezewa mwanga. Mkono utajijua."

Mkono ukajijua.
Unaibana kifuani kwa viganja,
gumba la kushoto linasukuma kijiti, ka!
na hakuna anayehesabu vidole.
Halafu unainama. Kioo kiko juu,
kidirisha cha ukubwa wa stempu,
ukisogea kulia mtu anakimbilia kushoto,
unamtafuta taratibu, kichwa chini.
Bibi Nyanzobe wa Igogo
aliyekuwa amewagomea wajukuu wote na simu zao
aliniona nimeinama, akadhani namwamkia.
Akaitikia.
Ndiyo picha yenyewe: mdomo umefunguka
katikati ya salamu ambayo sikuitoa.

Lakini nisijidai.
Jumamosi harusi ya Ilemela inataka picha mia nane
keki haijakatwa,
na filamu siku hizi naiagiza kama dawa ya moyo,
pozi nane, basi, imekwisha.
Nasoro nimempa nusu, nusu mwisho wa mwezi.
Yale mabonde mawili nimeyajaza
kipande cha tairi na gundi ya fundi viatu.
Mke wangu anasema nimeiharibu sura.
Labda. Ila sasa inanishika,
na usiku, ukumbini, taa zikizimwa,
inaona ambacho sanduku lingeota tu.

Jumapili asubuhi nazipandisha zote mbili
kwenye mawe ya juu ya Igogo.
Ziwa limelala chini huko, rangi ya bati jipya.
Mawe haya nayo yamelainishwa,
yana viuno, yana mabonde,
mvua imeyafinyanga miaka isiyo na hesabu
bila kumpima mtu yeyote.
Nachagua moja. Nakaa.
Linaniingia vizuri kabisa,
utafikiri lilikuwa linanisubiri mimi na suruali hii.

Sanduku nimeliweka pembeni.
Linayumba kidogo juu ya mviringo,
kona moja iko hewani,
halijazoea kukaribishwa.