Kisanduku Chini ya Giligilani

Zamani pesa yangu haikuwa na mdomo.
Niliifunga pindoni mwa sari, fundo dogo kama kokwa,
ikalala kiunoni, ikapata joto langu,
na hakuna aliyejua ni ngapi
ila mimi na jasho.

Kisha akaja kijana wa kampuni, viatu vinameta,
akabandika kwenye mizani yangu karatasi ya vimraba vyeusi,
akaniachia kisanduku kinachosema kwa sauti ya mwanamke
aliyeshiba, asiyewahi kupanga foleni ya maji:
"Rupia kumi zimepokelewa."
"Rupia thelathini na tano zimepokelewa."
Soko zima la Behrampura likawa karani wangu.

Ng'ambo ya njia, Dhiraj kajinyoosha kwenye kitanda cha kamba,
leso usoni. Nikadhani amelala.
Jioni akakunjua kiganja:
"Mia nne na themanini. Toa mtaji, zinabaki mia mbili na kumi."
Miaka kumi na tisa ya ndoa,
sikujua kama anajua hesabu.

Falguni wa vitunguu akanionyesha kitufe cha pembeni.
Nikakibonyeza, nikakibonyeza, mpaka yule mwanamke akazama.
Siku mbili za amani. Ya tatu,
mvulana wa pikipiki akabeba kilo mbili za pilipili,
akaninyooshea simu: alama ya kijani, jina langu, Revaben,
kila kitu sawa ila tarehe,
nami tarehe sizisomi haraka.
Yalikuwa malipo ya juzi.

Basi akipiga kelele, ananitia mikononi mwa mume;
akinyamaza, ananitia mikononi mwa mwizi.

Siku hizi kisanduku kinakaa chini ya gunia,
kimebanwa na paja, kimefukiwa na giligilani.
Kikisema hakisikiki. Kinatetemeka tu,
kama mtoto wa miezi mitano anapogeuka.
Nimeshakizoea: kumi ni mguno mfupi;
mia na hamsini huchukua muda wake,
hufika mpaka gotini.

"Mashine imekufa?" Dhiraj anauliza kutoka kitandani.
"Betri."
"Na biashara?"
"Jua kali. Majani yananyauka."

Nanyunyiza maji, kidogo kidogo,
nisije nikamlowesha mwenzangu kule chini,
anayeninong'oneza, nyama kwa nyama:
zimepokelewa,
zimepokelewa.