Daftari la Vipimo

Kiuno, inchi arobaini na sita.
Ndivyo nilivyoandika mara ya kwanza,
msimu ule bei ya korosho ilipopanda
na Masasi nzima ikanunua magodoro.

Aliingia kibandani kwangu, Mkuti, tumbo likimtangulia,
nyuma yake watoto wa shule, wauza karanga,
na trafiki mmoja aliyeacha malori yajisimamie.
"Fundi Somoe," akasema, "nishonee suruali
ya kumtosha mtu pamoja na madeni yake."
Nikacheka hadi sindano ikanichoma.
Kwao Lulindi ni Hashimu Chinguile.
Redioni, Bwana Debe.

Arobaini na tatu.
Nikamwambia, "Dar inakunyonya."
Akasema, "Dar hainyonyi, inaonja."
Nikaandika, nikacheka.

Thelathini na nane. Hapo alikuja usiku,
koti la kukopa, gari la kukopa.
Mke wa pili ameondoka na televisheni,
meneja amebadili namba ya simu.
Alinipa kiroba cha sufi, akanong'ona:
"Nijazie hapa mbele. Watu wamelipia tumbo."

Nilijaza.
Nasema hili kwa sababu mkono wangu umo.
Nilishona mfuko wenye upana wa ungo,
nikautia kamba mbili za kufungia mgongoni,
na Jumamosi, mbele ya umati,
akaanguka jukwaani, kuanguka kwa kweli, sukari imemzidi.
Watu wakapiga makofi.
Wakasema, leo Debe kajua kuanguka!
Wakarusha noti. Mmoja akarusha bibo.
Dakika nzima alilala pale
nasi tukingoja mzaha uishe.

Wanasema debe tupu haliachi kuvuma.
Mimi nina madebe nyumbani, nayajua.
Debe tupu linalia likigongwa.
Nani alikuwa anagonga?

Simtakasi. Alinunulia baa nzima bia
mwezi ambao mwanawe alirudishwa shule kwa ada.
Dada yake, Bi Esha, alimpa shamba la mikorosho alilitunze,
akaliweka rehani kwa sababu ya spika mbili.
Lakini hayo nayo aliyageuza vichekesho,
na sisi tuliyalipia kiingilio.

Thelathini na moja.
Sasa anakaa uani kwa Bi Esha, anamenya ming'oko,
uraka kwenye kikombe cha plastiki, mguu umefungwa kitambaa.
Vijana wanakuja na simu zao:
"Debe, tupe ile ya deni!"
Anawapa. Wakisharekodi wanaondoka.
Hakuna anayeuliza kama amekula.
Mimi nilipita pale na mzigo wa vitambaa,
nikamwambia nitarudi kesho.
Kesho yangu ilikuwa na sare arobaini za shule.

Kwa dawa tulichanga elfu kumi na nane na mia tano.
Najua; hesabu iko nyuma ya daftari hilihili.
Kwa msiba yalikuja mabasi mawili,
maturubai, ng'ombe wawili,
na bwana wa kampuni ya magodoro
aliyelia kuliko Bi Esha.

Mtangazaji akanisogezea kipaza sauti: tujifunze nini?
Ningemwambia, anayekuchekesha
muulize jambo lisilochekesha,
kisha usiondoke jibu likichelewa.
Ningemwambia, ukiona nguo inampwaya mtu
usikimbilie sufi.
Lakini mimi nilikimbilia.
Nikasema, Mungu amrehemu.
Akasema asante, akazima.

Ukurasa wa mwisho: ishirini na nane.
Alikuja kwa miguu, asubuhi, peke yake, bila kiroba.
"Safari hii," akasema, "nishonee ya kunitosha mimi."
Sikucheka. Naye hakungoja nicheke.
Akaacha kianzio, shilingi elfu tatu, zimekunjwa mara nne.

Suruali ipo, msumarini, nyuma ya mlango.
Wateja wanauliza, hiyo ya mtoto, bei gani?
Si ya mtoto, nawajibu, nakanyaga cherehani.
Kiuno nimeandika, urefu nimeandika, paja nimeandika.
Pale pa "imechukuliwa" pako wazi.