Nafasi ya Neno Moja

Fomu inataka lugha ya mama
na imeacha nafasi ya neno moja.
Niko Ruwi, ghorofa ya pili, namba mia na kumi na saba,
kiyoyozi kinanipuliza kisogoni kama mtu anayenidai,
kalamu imefungwa kwa kamba fupi
isije ikasafiri kabla yetu.

Mama hunigombeza kwa Kiarabu.
Akichoka kugomba huhamia Kiswahili.
Akilia sijui, hulia jikoni
na bomba amelifungulia.
Nimeandika Kiarabu. Nimekata.
Nimeomba fomu nyingine.

Nyaraka zimo kwenye mfuko wa duka la dawa ninapofanya kazi:
barua ya chuo cha Leipzig, saa ishirini na tano kwa wiki, miezi minane;
bima; taarifa ya benki, kurasa kumi na moja zenye muhuri,
mshahara unaingia tarehe ishirini na saba
na ikifika tano umeshakonda;
ahadi ya mjomba Seif kwamba nikianguka atanibeba;
picha mbili, nyuma kweupe, mdomo umefumbwa.
Mpiga picha aliniambia, waza jambo la huzuni.
Nikawaza ada ya maombi. Hairudishwi.

Usiku najisomea, kitabu juu ya mto.
Kinaonya: majina ya Kijerumani yana jinsia tatu,
mwanafunzi asikate tamaa.
Tatu!
Mimi niliyelelewa na ki na vi, li na ya, u na zi,
nikacheka mpaka Bibi akaamka.
Ukurasa wa nne: Schule.
Bibi, kumbe shule ni neno la Wajerumani.
Akasema, na hela je? Hela pia yao,
baba yangu alizihesabu Tabora, za shaba.
Akavuta shuka.
Walituachia shule na hela,
na ndizo hizo hizo wanazokudai leo.

Dirisha la nne. Thuraya Nasor.
Kwa nini Kijerumani? Utarudi?
Nimejibu kama nilivyofundishwa:
nina kazi, nina mama, nina gari la mkopo.
Mkopo ni mzuri, akasema dada wa dirishani, akaandika.

Sikumwambia kwamba Bibi alishuka Maskati
mwaka wa sabini na mbili, na sanduku la bati,
umri miaka thelathini, Kiarabu chake ni cha kuswalia tu.
Kozi yake ilikuwa ya nguvu kweli:
soko la Matrah, kuchekwa asubuhi, kuchekwa alasiri.
Aliomba vitunguu kwa kuonyesha vidole, akapewa ndimu.
Akazipokea, akashukuru,
kesho yake akaenda kuomba tena.
Cheti hana.
Hakuna aliyemuuliza kama atarudi.
Hata mimi sijamuuliza.

Vidole sasa. Vinne vya kulia, vinne vya kushoto.
Dole gumba mashine imelikataa,
spiriti ya dukani imelilamba mistari.
Bonyeza zaidi, akasema. Zaidi.
Nikabonyeza kama anayezuia damu.

Kisha akairudia fomu, akasita.
Pale penye nafasi ya neno moja
nilikuwa nimebana mawili, herufi ndogo ndogo,
Kiswahili na Kiarabu, bega kwa bega.
Moja tu, akasema,
na kwa kalamu yake, ile isiyo na kamba,
akakata.
Kioo kilikuwa na mng'ao wa taa.
Sikuona amekata ipi.

Siku kumi na tano za kazi, Ijumaa na Jumamosi hazihesabiwi.

Nyumbani Mabela Bibi hakuniuliza kitu.
Alikuwa anahesabu vidonge vyake vya jioni kwenye kiganja:
moja, mbili,
halafu, akinitazama kwa pembe ya jicho,
drei.