Ramani Isiyo na Tangi

Siku ya tatu, Mikindani, umeme umekatika tangu saa nne,
pangaboi limesimama kama mtu aliyesahau alichotumwa.
Tuko kumi na mmoja, wa mashirika matano,
shela za rangi tano kwenye kamba moja ya kuanikia.
Tumeambiwa: choreni nyumba mtakayozeekea.

Karatasi ni ya mfuko wa saruji, tumeupasua, tumeukung'uta,
bado unatutia chafya.

Redempta Dzame ndiye aliyeshika kipande cha kaa,
akachora mlango kabla ya ukuta.
"Tena usiwe na kengele," akasema.
"Ajaye apige hodi, aitikiwe karibu, basi."
Mghoi akataka jiko lipite sebule kwa ukubwa.
Syombua akataka makaburi.

Tukacheka. Yeye hakucheka.
"Kwetu tumebaki kumi na wanne,
tisa wamepita sabini.
Kuosha maiti nakujua kuliko kupika pilau.
Nauliza tu: yule wa mwisho, atazikwa na nani?"

Hata chafya zikakoma.
Ng'ambo ya barabara msikiti ukaadhini alasiri,
bila spika leo, koo tupu,
nasi tukanyamaza mpaka mwisho
kama tufanyavyo siku zote, wala hakuna aliyetufundisha.

Nilikuwa na neno, nikalimeza, likarudi.
Nikasema: labda tusihesabiane shirika kwa shirika.
Labda wa mwisho wa kwako atazikwa na wa kwanza wa kwangu.
Labda hawa waanzilishi wetu, kila mmoja na picha yake ukutani,
na miwani yake, na katiba yake ya jalada gumu,
wangekalishwa meza moja
wangeombana chumvi tu.

"Na pesa?" akauliza Nafuna. "Akaunti moja?"
Basi! Tukawa kama wauza mitumba wa Kongowea,
nani ana deni la zahanati, nani ana shamba Taveta,
nani mama mkuu wake akisikia hayo hatapokea simu.
Mghoi akatokwa na machozi, akasema ni vumbi la saruji.
Tukamwachia vumbi lake.

Saa kumi na moja mlango ukasukumwa.
Sista Ildefonsa, miaka themanini na sita,
kiganja ukutani, kandambili moja nyekundu, moja buluu.
Akatazama karatasi. Akatazama vidole vyetu vyeusi.
"Mmemaliza kuipanga kesho?"
"Bado, Sista."
"Haya. Na leo nani ananipeleka chooni?"

Wanne tuliinuka kwa pamoja, wa mashirika manne,
tukagongana mlangoni.
Akamchagua Dzame kwa sababu ana bega la chini.

Dzame aliporudi hakusema kitu.
Alipiga magoti akachora chuma cha kushikia,
kutoka kitandani hadi chooni,
mstari mnene kuliko ukuta wenyewe.

Usiku, saa tatu na kitu, tukasikia mkokoteni,
na sauti ya Kombe akitangaza maji kama harusi.
Tukatoka na madumu, kanga juu ya nguo za kulalia,
tukapanga foleni nyuma ya Mama Zuhura
ambaye ndoo yake tuko nayo tangu Kwaresima
na hataji.
Nusu ya njia ya kurudi, dumu kichwani,
Syombua akasimama gizani.
"Wee! Hatukuchora tangi."

Tulicheka mpaka maji yakatumwagikia shingoni,
maji ya shilingi hamsini dumu,
na mbwa wa jirani akabweka, na dirishani juu
mtu mzee akauliza, kwa hasira, kuna nini cha kuchekesha,
na kama kipo, mbona hakuitwa.

Karatasi iko chini ya kitanda changu.
Kona moja bado tupu, pale penye chapa ya kiwanda.
Kaa limebaki dogo, lakini linaandika.