Matundu Manane

Bwana Dewulf, barua yako imefika.
Unauliza habari za matundu manane kwenye kifuniko cha nyuma,
manne kushoto, manne kulia, upana wa penseli,
maana kwenye michoro ya kiwanda hayamo
na fundi wako amekwisha andaa gesi ayazibe.

Mwambie azime moto kwanza. Akae.

Mwaka hamsini na saba barabara ya Jabbeke ilikuwa nyeupe bado,
imenyooka kama rula,
na kila Jumapili alfajiri baba yangu, Odiel Vansteene,
alikabidhiwa gari hilo na tajiri mmoja wa kitani kutoka Kortrijk
aliyetaka kujua kwa nini mkewe hulia
kila wakifika mia na themanini.

Baba alijua. Gari husomwa kwa makalio, alisema, si kwa macho.
Mia na arobaini, ni mtoto mtiifu.
Mia na sitini, usukani unakuwa mwepesi,
mwepesi kama mkono wa mtu anayekuaga
huku anaangalia kwingine.
Mia na themanini, mkia unajitafutia njia yake,
na pale safu ya miti ya popla inapokatika, karibu na daraja,
upepo wa Bahari ya Kaskazini unaingia ubavuni
bila hodi.

Gari zuri. Wewe unalijua, umelilipia.
Mgongo unateremka bila kona hata moja, kama tone la maji
linalosita kwenye ncha ya bomba.
Lakini tumbo bapa, mgongo wa mviringo:
hilo si gari, alisema mama, hilo ni bawa,
nanyi mnalibembeleza lisiruke.

Mama hakuwahi kuendesha hata baiskeli.
Alifuma soksi.
Akakata sufu yake nyekundu vipande vya urefu wa kidole,
mimi nikashika gundi,
tukavibandika kuanzia puani hadi mkiani,
mia mbili na kumi na sita, nilihesabu,
kisha tukasimama darajani na darubini ya mjomba Cyriel,
baridi inatung'ata masikio.

Likaja.
Puani nyuzi zimelala kama nywele zilizochanwa.
Juu ya paa, zimelala.
Nyuma ya kioo, mgongo unapoanza kushuka,
zimesimama! Zinazunguka, nyingine zinaelekea mbele,
kama kuku walioona kivuli cha mwewe.
"Hapo," mama akasema. "Hapo ndipo upepo unapoliachia."

Baba alikata bati la tangazo la duka lililofungwa,
akalikunja, ukingo wa vidole vinne, bolti nane.
Buti ya mbele akatia mfuko wa mchanga, kilo ishirini na tano.
Likawa baya, Bwana Dewulf. Bata aliyenuna.
Tajiri akasema, umenivunjia bibi harusi pua.
Baba akasema, panda. Na mama watoto apande.

Mia na themanini.
Mia na tisini na mbili, kwa saa ya mama.
Waliporudi mlango ulifunguliwa taratibu,
maana Bi Godelieve alikuwa amesinzia.

Mwaka sitini na tatu likanunuliwa na kijana wa Gent,
akaling'oa bati apate kulipiga picha.
Mchanga akamwaga uani kwetu, paka wakafurahi.
Wiki tatu baadaye, pale darajani, popla mbili zilipungua.
Mbawa za mbele ulizonazo si za kwanza;
fundi wako atakuwa ameziona.
Kifuniko kilipona.

Najua, usipoziba ufa utajenga ukuta.
Lakini tundu si ufa. Tundu limetobolewa na mtu
mwenye keekee na sababu.

Bati ninalo, gerejini, nyuma ya ngazi.
Upande wa chini bado lina herufi tatu za tangazo,
na uzi mmoja mwekundu ulionasa kwenye kunjo,
sijauvuta.
Siwezi kulituma kwa posta, litapindwa.
Njoo ulichukue.
Ukija na gari hilo, njoo polepole.